Baba, Kompyuta Yako Imesogea Kidogo

Baba mpendwa,

Huko uliko sijui kama kuna umeme, ila najua umepumzika kuliko mimi. Kompyuta uliyotuachia imenizeesha. Kuwaka kwake tu ni shughuli: naiwasha, nakwenda kuosha vyombo, narudi, bado inafikiri. Betri yake ilikufa kabla yako, kwa hiyo waya ukichomoka, yote yamekwisha.

Na siwezi kuitupa. Humo ndimo yalimo masomo ya Kiacholi, lugha yetu, uliyoturekodia ulipostaafu polisi, kwa sababu kwenye kambi ya polisi tulikua na Kiswahili tupu na jambo hilo lilikuuma. Lakini uliyarekodi kwa programu ya kale isiyokubali kufunguka popote ila kwenye mfumo huo huo wa kale unaoiendesha kompyuta yako. Nimejaribu kwingine, wapi! Ungeniuliza ningekuonyesha jinsi ya kurekodi kwa simu. Lakini wewe na kuuliza, Baba!

Kazi yangu mpya nayo haiutaki mfumo wako. Haufungui hata barua za ofisi. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi, mtaani Nakawa. Hakuitazama mara mbili, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha:

"Nyabo, bibie, hii kompyuta nazeeka. Mimi nafuta yote, naweka mpya, kwisha."

"Na masomo ya baba yangu?"

"Mzee tarekodi tena."

Nikamwambia mzee yuko kaburini. Akanipa pole, kisha akauliza tena kama afute. Nikaikwapua kompyuta yangu nikatoka bila kuaga.

Njiani nilikumbuka siku shangazi alipokuja kutoka Gulu na watoto wake wote, na sisi kambini tuna chumba kimoja. Mama alinuna. Wewe ukatundika shuka la buluu katikati, ukasukuma vitanda ukutani, ukasema kwa kile Kiswahili chako cha kipolisi: "Hakuna mtu natoka. Kila mtu nasogea tu." Tukalala miguu ikigusa sufuria, lakini tukalala.

Basi nami nikaamua kuusogeza mfumo wako, ule wa kazini upate nafasi. Kwanza nilinakili kila kitu chako kwenye diski ya pembeni, ingawa bila mfumo wako masomo yasingefunguka. Ndipo nikatafuta nafasi ya mfumo wa pili, na loh, hakuna! Baba, kwa nini mtu anahifadhi sinema moja ya karate mara tatu? Nikafuta mbili, nikakubakizia moja. Nikaipunguza sehemu yako ya diski hadi upande mmoja ukabaki mtupu. Kazi hiyo nilikwenda kuifanyia ofisini, kwenye jenereta, maana umeme ungekatika katikati ya shughuli tungekupoteza mara ya pili. Niliogopa kweli.

Kisha, nilipoanza kuweka mfumo mpya, kompyuta ikaniuliza: nifute diski yote, au niuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani? Na jibu la kufuta lilikuwa limekwisha kuchaguliwa kwa niaba yangu! Nani alipanga hivyo? Yule fundi, labda. Nikachagua la pili.

Sasa nikiiwasha inaniuliza niingie kwangu au kwako. Jana, nyumbani, niliingia kwako, nikafungua somo la kwanza nione kama umesalimika. Ukakohoa. Ukakohoa tena. Halafu, badala ya Kiacholi, ukafoka: "Mama Akello! Redio hiyo, punguza!"

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za matooke, redio ikivuma kando yake. "Si nimepunguza!" akajibu, kwa hasira ile ile unayoijua, na redio kweli ikashuka.

Kisha kisu kikanyamaza. Nikasikia ndala zake zikija. Alisimama mlangoni, mikono imejaa utomvu, akiitazama kompyuta. Nilidhani atalia, nikataka kuizima.

"Wacha," akasema. "Mwache afundishe."

Akaketi, na wewe ukaanza somo.

Lala salama, Baba. Hakuna aliyetoka.

Binti yako,
Akello