Mwalimu Aliyefundisha Nyuma ya Mikeka

Bwera, Kasese
Jumatatu asubuhi

Baba Rehema wangu,

Kabla hujauliza: mimi mzima, nakula, nalala, na lile goti lililokuwa likinisumbua limenyamaza tangu nilipozoea kupanda vilima vya huku. Swali liko kwenu. Rehema kikohozi kimemwacha? Mama yangu bado anafungua redio kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima? Na wewe, unakula chakula cha maana, au unajidanganya kwa chai na mkate halafu kwenye simu unaniambia umeshiba? Nijibu ukweli, nakufahamu.

Nimeamua kuandika kwa sababu habari hii simu haiiwezi. Kila ninapofika penye kuchekesha mtandao unakatika, nakusikia tu unasema "eh? eh?" mpaka tunachoka wote wawili. Barua nampa dereva mmoja wa lori, mtu wa Kahama, aliyeleta mchele hapa mpakani Mpondwe. Akifika Tabora mpe chai na umkalishe vizuri, maana amenivumilia. Nimemwambia asubiri kidogo na sasa anapiga honi.

Najua wenzako kijiweni walicheka niliposafiri. Mke wa mtu anapelekwa mwisho wa Uganda kufundisha watu kusema "habari gani"! Basi waambie mkeo sasa ndiye msimamizi wa masomo ya kituo kizima. Waambie polepole, wasikie vizuri.

Kituo chenyewe hakina makuu. Ni nyumba ndefu ya bati kwenye mteremko, nyuma yake shamba la kahawa la jirani, na mbele, siku ambayo mawingu yamekubali, unaiona milima ya Rwenzori yote. Lakini yanayofanyika humo ndani, mume wangu, nikiyatazama najisikia mrefu. Asubuhi wanakuja watoto wadogo. Adhuhuri wanakuja wasichana kwenye cherehani, wanafundishwa na Mama Kavira, mama wa Butembo aliyekimbia vita Kongo na sasa ndiye shoga yangu mkubwa. Vijana wa kiume wako kwenye useremala. Jioni wanaingia wazee kusoma, na wafanyabiashara wa mpakani wanakuja kwangu kwa Kiswahili. Kuna nyumba moja ambayo mtoto ni mwanafunzi wetu, mama yake mwanafunzi wetu na bibi yake mwanafunzi wetu. Kavira anasema wakirudi nyumbani wanasahihishana mpaka bundu linaungua chunguni. Bundu ni ugali wao wa muhogo. Nimeuzoea, tena sasa nauomba mwenyewe.

Kiswahili cha huku nilitaka kukinyoosha nilipofika. Mtu akisema "mutoto iko wapi," mimi nasema "mtoto yuko wapi." Ananitazama kwa huruma, anasema, "Ndiyo mwalimu. Iko wapi?" Nimesalimu amri.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu.

Kwenye darasa la wazee yuko mama mmoja anaitwa Bibi Kabugho. Huku majina hufuata nani alizaliwa wa ngapi, na Kabugho ni binti wa tatu, kwa hiyo ukiliita jina hilo sokoni nusu ya wanawake wanageuka. Huyu wetu anatoka juu huko Kyondo, anauza maharage mpakani, ana mdomo na ana kicheko. Marehemu mumewe alikuwa ndiye msomaji wa kanisa lao. Alipokufa aliacha Biblia yake ya Lhukonzo, lugha yao ya huku, na Bibi, miaka yote ya ndoa yao, hakuwa anajua hata herufi moja. Siku ya kwanza nilipomuuliza kwa nini anataka kusoma alinijibu bila kupepesa: "Mwalimu, siku ya Mavuno mimi nataka nisimame pale bwana yangu alikuwa anasimama. Nisome. Mara moja tu, mbele ya batu, na macho yangu ingali inaona." Jicho lake moja limeshaanza ukungu, na anajua. Hakuwa anafanya mchezo.

Alikuwa anakwenda vizuri sana, ameshaanza kuunganisha maneno, mara mwalimu wao wa Lhukonzo akaenda likizo ya kujifungua. Mimi Lhukonzo changu ni cha kununulia ndizi. Nikatafuta kote, nikaona mtu yuko hapa hapa: Baluku, fundi wetu wa useremala, kijana mpole, kanisani kwao ni mwimbaji na anasoma lugha yao bila kukwama. Nikatangaza mbele ya wazee, Bibi siku hiyo yuko mpakani na maharage yake, kwamba kuanzia kesho Baluku atafundisha wazee. Wazee wakatazamana. Mimi nikajua wamefurahi. Tena nikapiga makofi, peke yangu.

Kesho yake Baluku akafika mlangoni na chaki mkononi, akachungulia, akageuka na kutimua mbio kupitia shamba la kahawa. Ndani Bibi Kabugho ameshajifunika kitenge gubigubi na kugeukia ukuta. Nami, mjinga wa watu, nikamfukuza Baluku, nikamkamata mkono, nikamvuta kurudi huku nasema kwa sauti, "Mwanamume mzima unaogopa vibibi?" Akawa ananiomba, "Mwalimu, niache, tafadhali, niache," jasho linamtoka. Nilipomwingiza mlangoni Bibi akatoka kwa mlango wa nyuma, kitenge kichwani, haoni anapokwenda, akagonga benchi na kuanguka. Akainuka akaenda zake. Hakurudi tena.

Nikamfuata Mama Kavira, nikamwuliza nimewakosea nini watu hawa. Kavira akaacha cherehani, akashika kiuno.

"Weye mwalimu! Baluku ameoa mutoto ya Kabugho. Ule ni mamu-mukwe wake! Ulikuwa unamukokota mutu mbele ya mukwe wake?"

"Kwani wakionana kuna nini?"

"Hapana kuonana! Hapana kusalimiana, hapana kula pamoja. Akipita njia hii, ule anapita kule. Ni heshima. Na weye unapiga makofi!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nikakufikiria wewe unavyotaniana na mama yangu, mnavyogombea kiti karibu na redio, nikaona kumbe nimepima watu kwa kipimo cha nyumbani kwangu. Aibu niliyoisikia siku ile, Baba Rehema, nilitamani ardhi inimeze. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, eti mimi mgeni, wasinivunje moyo.

Tukapanda mimi na Kavira hadi Kyondo kwenda kumwomba Bibi radhi. Tulimkuta Bibi anapepeta maharage. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akasema sina kosa, mgeni ni mgeni. Ila shule ameacha. Siku ya Mavuno kanisani kwao ilikuwa inakaribia, na ile Biblia niliiona kwenye kiti, imefunikwa kitambaa. Nikamwambia nitamtafutia mwalimu mwingine. Akaniuliza, "Wapi?"

Nikarudi, nikamweleza Baluku. Nilitegemea aniambie haiwezekani. Kijana akainama, akachora kwa kidole kwenye vumbi la mbao, kisha akasema, "Mimi siwezi kumuona. Kusikia si kuona." Nikamwambia sema tena. Akasema, "Nipatie mikeka."

Alipiga fremu ya mbao kukata darasa, akapigilia mikeka toka chini mpaka juu, akajitobolea mlango wake mwenyewe upande wa nyuma. Huku mbele wanakaa wazee na ubao. Kule nyuma anakaa yeye na kitabu. Yeye anatamka, mimi nashika fimbo naonyesha neno ubaoni, wazee wanafuatisha. Sauti yake, mkono wangu! Mara nyingine naonyesha neno lisilo lenyewe, darasa zima linanipigia kelele, kwa hiyo nimejifunza Lhukonzo kwa kuzomewa. Nilituma ujumbe Kyondo kwamba Bibi aje aone. Alikuja, akaizunguka ile mikeka, akaigonga kwa vidole, akachungulia pembeni kama kuna upenyo. Hakuna. Akakaa.

Wangapi walikuja kutucheka, siwezi kukuhesabia. Mzee mmoja wa kanisani alisema tunachezea mila. Bibi akamjibu hapo hapo: "Mila ni nimuheshimu mukwe. Ule mukeka ndiyo heshima. Weye unataka nini?" Mzee akaondoka. Hata wakubwa wetu wa ofisi ya Kasese mjini walipokuja kukagua waliuliza huyu anayezungumza ukutani ni nani, na nikawaeleza kifua mbele.

Tatizo likawa makosa. Baluku hawezi kumsemesha, hata kumtaja. Bibi akikosea, Baluku anasema kule nyuma, "Kuna mutu amesahau herufi." Na Bibi naye ananiambia mimi, "Mwambie mutu kwamba ameharakisha." Mimi katikati, mjumbe wa watu wanaosikiana! Lakini aliendelea. Siku alipomaliza ukurasa mzima peke yake, Kavira aliyepita nje aliniambia fundi alikuwa ameshika kichwa anacheka mwenyewe.

Ngoja niweke salamu hapa hapa, kwa sababu nikishaandika habari ya kanisani sitaweza kuandika kingine, na huyu dereva honi yake inanikoroga. Mama yangu mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya macho aitie kwa wakati, asingoje aumwe. Kaka yako mwambie baiskeli yangu si ya kukodisha. Wifi mwambie kitenge chake cha Kongo nimeshakipata, rangi ile ile aliyotaka. Jirani yetu anayesuka ukili mpe pole kwa msiba. Rehema mbusu, na umwambie mama yake anafundisha mpaka watu waliomzidi umri mara mbili.

Sasa kanisani. Nilikwenda na ushungi wangu, wakaniweka benchi la mbele pamoja na Kavira. Kanisa limejaa ndizi, mihogo, kuku wamefungwa miguu. Baluku hakuingia. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, uso kwenye migomba. Bibi Kabugho akaitwa. Akaenda mbele amevaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la kina mama wa huku, ameikumbatia ile Biblia kwa mikono miwili. Akaifungua. Mimi nilikuwa nimeshikana mikono na Kavira, sijui nani alikuwa anamfinya mwenzake.

Akasoma. Taratibu, kidole juu ya mstari, lile jicho zima karibu na karatasi. Alisoma mpaka mwisho. Alipofunga kitabu kanisa halikujua lifanye nini, maana wengi wao walimfahamu maisha yao yote na hawakuwahi kumwona akisoma. Akamtazama mzee wa kanisa aliye mbele yake, akasema, "Mwalimu yangu iko inje. Mumuambie nimemaliza."

Kila mtu alijua Baluku amesikia. Dirisha liko wazi. Lakini yule mzee akageuka akamwambia wa nyuma yake, naye akamwambia wa nyuma yake, benchi hadi benchi, mpaka mlangoni, mpaka nje. Tukangoja. Kisha jibu likaanza kurudi, kutoka mlangoni kuja mbele, na kila lilipopita watu walikuwa wanaziba midomo wasicheke. Lilipofika kwa mzee naye akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu anasema umefanya vizuri. Lakini kuna neno moja umeliruka, mstari wa tatu."

Kanisa likaangua kicheko. Bibi hakucheka. Akafungua tena Biblia, akatafuta ule mstari, akauweka kidole, akasoma polepole neno kwa neno, na neno lile alilolikosa akalitamka kwa nguvu, akiligeukia dirisha. Kabla hata mmoja wetu humo ndani hajapiga kofi, tukasikia nje, chini ya dirisha, makofi ya mtu mmoja.

Nililia, Baba Rehema, na Kavira alilia.

Mkeo,
Mama Rehema