Kadi Inasema Julai

Tukuyu,
11 Februari 2024

Kaka Ambilikile,

Ugonile. Mimi huku ni mzima, ila baridi inanionea. Jana ukungu uliingia hadi bwenini, na nguo nilizofua Jumatano bado hazijakauka. Wewe je? Mama miguu yake bado inavimba jioni? Na wale unaowaita wapangaji, wanaoongea kichwani mwako, wametulia tangu Krismasi au wameanza tena?

Matroni ametutangazia kwamba kidato cha nne hatutafunga Pasaka wala Juni. Tunabaki kambini kujiandaa na mtihani. Wenzangu walilalamika, mimi nilinyamaza kama kawaida, maana maktaba itakuwa tupu na nitakaa karibu na dirisha bila kuombwa nisogee. Lakini inamaanisha sitakuona hadi Novemba. Simu huitaki tangu ile iliyokuwa ikikuita hata ikiwa imezimwa, na hapa shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo tumebaki na karatasi. Jirani yetu Ambrose ataichukua hii akishuka na lori.

Alhamisi ulikwenda kuchomwa sindano? Niambie ukweli. Usiandike "nilikwenda" kama uliishia njia panda.

Msalimie mama sana.

Mdogo wako,
Asifiwe


Makwale,
25 Februari 2024

Profesa wangu,

Ndaga, asante kwa barua. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama asikie kuhusu nguo zako. Amesema uzianike jikoni kwa wapishi, usione haya. Nimemwambia kwamba huyo mtoto akiona haya hata ya kuomba chumvi, atawezaje kuomba jiko zima.

Nilikwenda, na nilifika. Sista Eufrasia, yule muuguzi Mhaya wa kliniki ya akili, alinichoma, akauliza kama nakula. Nikamwambia nakula hadi mama ananificha sufuria. Wapangaji wametulia. Mkono ndio unatetemeka, ni dawa, kwa hiyo vumilia mwandiko wa kuku. Kazi naifanya. Leo nimefunika kakao kwa majani ya migomba ichachuke, na uani kote kunanuka siki.

Sasa nikueleze lililonifanya nikae kuandika. Shangazi Felista alikuja Jumapili baada ya ibada. Alikunywa chai, akasema katika ukoo wao hajawahi kutokea mtu wa namna yangu, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Alisema hivyo akimtazama mama. Alipoondoka, mama akaanza kuhesabu upya mambo aliyofanya akiwa na mimba yangu: alibeba miche ya mpunga kwenye maji ya kiuno, aligombana na bibi, alikula samaki fulani. Miaka sita sasa, kila mgeni akiondoka anahesabu. Sista Eufrasia nilipomuuliza alisema chanzo kimoja hakijulikani. Jibu hilo siwezi kumpelekea mama.

Wewe uko kwenye vitabu. Nitafutie. Dawa ninayo, nitafutie kwa nini. Nikipata la kumwambia, naye apumzike.

Kaka yako,
Ambilikile


Tukuyu,
10 Machi 2024

Kaka,

Ugonile, mama ugonile, wote mgonile, sina subira ya salamu leo. Nimepata!

Nilitaka kumuuliza Mwalimu Marcel wa Baiolojia lakini niliona haya, nikaandika swali kwenye kipande cha karatasi na kukichomeka katika daftari langu alipokusanya kazi. Daftari lilirudi na jarida la zamani ndani yake, halina jalada, na ukurasa mmoja umekunjwa pembeni. Nimeusoma nikiwa nimesimama.

Watafiti wa nchi za baridi waliwahesabu watu wenye skizofrenia, ndilo jina la kitaalamu la ugonjwa wako, wakaangalia walizaliwa lini. Wakakuta waliozaliwa majira ya baridi, au baridi inapokwisha, ni wengi kuliko wa miezi mingine. Wanadhani huenda mama mjamzito anapata mafua makali, au anakosa jua la kutosha. Wanadhani tu, hawajathibitisha. Lakini hesabu ipo.

Nikakumbuka kadi yako ya kliniki, mimi ndiye niliyekuwa nakubebea. Inasema 16 Julai 2000. Julai, kaka! Ndiyo baridi yetu.

Basi ni mwezi. Mama hakukosea chochote, na shangazi hana la kusema, na hakuna mkono wa mtu. Ulizaliwa mwezi mbaya, imekwisha. Msomee mama barua hii polepole.

Mdogo wako mwenye furaha,
Asifiwe


Makwale,
7 Aprili 2024

Profesa,

Ugonile. Sisi wazima. Mvua haijakatika wiki tatu, Mto Mbaka uko kwenye mpunga wa jirani na unatazama wa kwetu. Mama miguu yake ni ileile.

Barua yako iko kwenye mfuko wa shati. Mama sijamsomea. Nilifungua mdomo, nikaona atakachosema: basi ni mimi niliyemzaa Julai. Ataongeza na mwezi kwenye hesabu zake. Nimeamua ibaki kwangu.

Nimeifikiria sana, na kila kitu kimekaa mahali pake. Kama ni mwezi, mwezi umepita. Nilitoka nao tumboni. Sindano ya Alhamisi itaufanyia nini mwezi wa mwaka 2000? Sista Eufrasia ni mwema lakini hawezi kunizaa upya. Mwezi wa tatu sikwenda. Mwezi huu barabara ina maji, sitakwenda pia. Mama nikimuaga siku ya kliniki anadhani nimekwenda, wewe usimwambie.

Na tazama mwandiko. Umeuona? Mkono umetulia kama wa karani. Usingizi ni mdogo lakini sichoki, jana nimegeuza kakao yote peke yangu kabla mama hajaamka. Wapangaji hawajarudi. Mmoja tu amepita kusalimia.

Nakushukuru kwa kunitafutia. Sasa naelewa.

Kaka yako,
Ambilikile


Tukuyu,
14 Aprili 2024

Kaka yangu,

Ugonile. Nakuomba usome hii ukiwa umekaa.

Nilikosea. Barua yako ilipofika nilikwenda kusimama mlangoni kwa walimu, mimi, hadi Mwalimu Marcel akatoka kuuliza nani ananisumbua. Nikamweleza yote, hata kwamba mgonjwa ni kaka yangu, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu hapa. Hakunikaripia. Alisema, "Umesoma ukurasa mmoja, ukaenda kuuhubiri." Kisha akanikalisha nisome zilizobaki.

Shule yetu ina wasichana mia tano. Chukua shule mbili kama hii, wapate kuwa elfu. Katika maisha yao yote, watakaougua ni kama kumi. Sasa wachukue elfu wengine waliozaliwa katika miezi ile ya baridi. Watakaougua ni kumi, labda kumi na mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyeandikiwa makala nzima. Wengine wote, mamia kwa mamia, walizaliwa mwezi huohuo na hawana kitu. Tena walihesabiwa kwenye nchi za theluji. Waliohesabu huku kusini mwa ikweta majibu yao hayapatani. Yote hayo yalikuwa ukurasa wa pili, na mimi nilikuwa nimeshakuandikia.

Wala hakuna mahali walipoandika kwamba aliyezaliwa mwezi fulani dawa haimsaidii. Hilo umeliongeza wewe, kwa sababu mimi nilikuandikia "imekwisha".

Kuna jambo jingine. Na mimi ni wa Julai. Tarehe 23, unajua, huwa unaniimbia vibaya. Nilipousoma ule ukurasa nilijiona mimi kabla sijakuona wewe. Wewe uliugua ukiwa na miaka kumi na minane, na mimi mwaka huu natimiza kumi na saba. Mtu akiniita sigeuki hadi aite mara ya pili, nihakikishe ni mtu. Nilitaka jibu hata kama ni baya, nikakutumia wewe ulibebe.

Nenda kliniki, kaka. Kama barabara ina maji, mwambie mama ukweli, atajua njia. Usinijibu kwa barua ndefu. Andika "nimechomwa" tu.

Mdogo wako,
Asifiwe


Tukuyu,
12 Mei 2024

Kaka,

Wiki nne. Ambrose anasema barua yangu alimkabidhi mama, na mama aliiweka juu ya kitanda chako, na haijafunguliwa.

Matroni aliniruhusu kutumia simu yake Ijumaa. Mama alisema ulihamia kwenye banda la kukaushia kakao, ukakataa chakula chake, na sasa hupo hata bandani. Watu wamekuona unatembea kuelekea ziwani. Anafunga nyumba akufuate. Nilimweleza habari ya sindano. Alisema nile vizuri.

Nimeomba ruhusa ya kuja, nimekataliwa.

Leo sina la kukufundisha. Ugonile tu, kaka. Ugonile.

Asifiwe, mdogo wako


Makwale,
30 Juni 2024

Mdogo wangu Asifiwe,

Ugonile. Nimechomwa.

Nimechomwa mwishoni mwa Mei nilipolazwa, na Juni hii nimechomwa mbele ya mama aliyekuwa anatazama kama askari. Niko nyumbani tangu juzi. Mwandiko umerudi kuwa wa kuku. Mama mzima, miguu imepungua kuvimba, nadhani kwa kutembea kunitafuta.

Barua zako zote nimezisoma sasa, kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa safari. Nikueleze nilikokuwa.

Nilikuwa Matema, ufukweni mwa ziwa, kwa wanawake wanaouza vyungu. Nilijua kwamba Julai inakuja kunichukua, inahesabu siku, na kwamba ikinikuta nchi kavu nimekwisha. Niliwaomba wenye mitumbwi wanivushe. Walikataa, mmoja akasema nimlipe kwanza akili ndipo anipe mtumbwi, wenzake wakacheka. Mama mmoja wa vyungu alinipa ugali na dagaa siku tatu bila kuniuliza jina. Wapangaji walikuwa wamejaa hadi barazani.

Mama alifika asubuhi. Hakunikemea. Alikaa mchangani karibu yangu, akavua viatu, akauliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja Julai isinikute. Akauliza Julai ina nini na mimi. Nikatoa ile barua yako ya furaha, imechakaa, nikamsomea yote. Nilisoma hadi "Inasema 16 Julai 2000", akaninyang'anya karatasi.

"Julai?" alisema. "Julai ulibatizwa."

Asifiwe, sikuzaliwa Julai. Nilizaliwa maji yamejaa, nyumba yetu ina maji, mama na wenzake wamekimbilia kanisani Talatala, nikazaliwa pale kwenye chumba cha kwaya. Ilipofika Julai barabara zimekauka, mchungaji akaja kubatiza, akaandika kwenye cheti siku aliyoniona. Nilipoanza shule mwalimu akanakili cheti. Nilipougua, kliniki wakanakili ya shule. Nikamuuliza mama, basi nilizaliwa tarehe ngapi. Akasema, "Sijui. Siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingine."

Tulicheka hadi yule wa vyungu akaja kutazama. Usidhani kicheko kiliniponya. Nilikuwa bado naisikia Julai, ila sikuwa tena na uhakika ni mimi inayemtafuta, na ule upenyo mdogo mama aliutumia. Alinipandisha bodaboda nikiwa katikati, dereva mbele, yeye nyuma amenishika mkanda. Nililazwa wiki tano. Wiki mbili za kwanza sizikumbuki vizuri.

Siku moja pale wodini mama alimweleza Sista Eufrasia hesabu zake zote, maji ya kiuno, bibi, samaki. Sista alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hatujui, mama. Nami nikisema hatujui, sijasema ni wewe." Yaani jibu lilelile nililokataa kumpelekea. Mama aliinamisha kichwa. Sijui kama ameacha kuhesabu. Shangazi Felista alikuja jana, akaondoka, na mama akaenda kupalilia.

Sasa wewe. Nimemuuliza mama. Wewe ulizaliwa hospitali, tarehe iliandikwa siku hiyohiyo, ukilia. Kwa hiyo wa Julai ni wewe peke yako nyumba hii. Nilicheka, kisha nikaacha.

Sikuandikii kukulaumu. Nilikuomba unitafutie, ukatafuta. Na sitakuambia haitakuja. Mimi sijui, Mwalimu Marcel hajui, jarida halijui. Lakini mimi nilikuwapo yangu ilipoanza, kwa hiyo hili nalijua kidogo. Yangu haikuanza kwa hofu ya kuitwa jina. Ilianza kwa uhakika. Kila kitu kilikaa mahali pake, sikulala na sikuchoka, na hapakuwa na mtu wa kuniambia kitu. Wewe hata jina lako unalihakiki mara mbili. Geuka wakikuita mara ya kwanza, watu wanadhani unaringa.

Ukiona umeanza kuwa na uhakika na kila kitu, niandikie siku hiyohiyo, au mwambie matroni ampigie mama. Nitapanda na Ambrose nije nikuchukue. Tutakwenda kliniki pamoja, hutaingia peke yako kama nilivyoingia mimi. Benchi la pale ni refu, linajaa mapema, na mimi najua upande usio na msumari.

Kaka yako,
Ambilikile