Firigisi ya Babu

Mulembe kukhu, bibi yangu,

Huku kambini mvua imezidi, viatu vya mazoezi havikauki. Huko Khayega mmeshavuna?

Nakumbuka siku ile ulipomnyima babu firigisi ya kuku ukanipa mimi, msichana, ukisema mkimbiaji naye ni mzee wa boma. Babu alinuna hadi jioni.

Kukhu, nilipimwa mkojo wakakuta dawa iliyokatazwa. Ilikuwa kwenye unga wa kuongeza nguvu, nilioununua mwenyewe kwa siri. Lakini waliponiuliza niliogopa, nikasema ni dawa za kienyeji ulizonichemshia wewe.

Jumanne wanakuja kwako kukuhoji. Najua utataka kunifichia. Usinifichie. Waambie ulinipa firigisi tu.

Ni mimi mjukuu wako,
Muhonja