Asali Uliyomtumia Kabula

Geita, machimboni

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Didia? Sisi tunapumua. Mimi bado nachimba. Dhahabu nayo inanikimbia kama wasichana enzi zile.

Mdogo wangu Masanja alifika salama. Kabla ya kufungua mzigo akatoa ujumbe wako: "Mama anauliza, mbona mtoto kakonda? Mnamnyima chakula?" Mama Kabula alikuwa anasonga ugali, mwiko ukasimama. Neno hilo limetuuma, Mama.

Sikia. Walipomkata Kabula sehemu ya tumbo la chakula kule hospitali, daktari alisema ale kidogo kidogo, mara nyingi, maji asinywe pamoja na chakula, akimaliza ajilaze, sukari, hapana. Basi mama yake anampa kitonge na samaki, au yai, kisha anamlaza. Majirani wanasema tunafuga mvivu. Mvivu wa nyumba hii wanamjua, ndiye anayekuandikia.

Na huku, kama kwetu, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wachimbaji wanamletea soda. Nikikataa, "Mzee, unaringa?" Basi nazinywa mimi. Mkanda haufungi tena.

Asali yako aliyoileta Masanja ilinishinda kumwaga. Imetoka mkononi mwako. Nikaiweka juu ya kabati, mjinga mimi. Kabula akapanda kiti, akalamba. Haukupita muda akalowa jasho, moyo unamwenda mbio, akaharisha, akaanguka mlangoni. Msichana mkubwa vile, nikambeba kama kichanga.

Alipopata nguvu akaniambia, "Baba, mwandikie bibi asali ilikuwa tamu, nimeimaliza yote. Usimwambie nimeumwa, atalia."

Nimekataa kuandika hivyo. Yeye anakuonea huruma. Mimi leo siwezi. Ulitaka nimlete baada ya mavuno umnenepeshe. Simleti. Nitamleta siku utakayoweza kumwona amebakiza nusu ya kitonge, umwambie, "Inatosha, mjukuu wangu," uondoe sahani. Najua kwetu hakuna bibi aliyewahi kusema hivyo. Jifunze, Mama. Hata mlafi wako huyu amejifunza.

Mpe shikamoo mjomba mwenye ng'ombe. Shangazi anayekausha viazi mwambie michembe anitumie mimi, si mtoto.

Kopo la asali nimempa Masanja alirudishe. Utaona, halikupungua sana.

Mwanao anayekupenda, na leo amekukasirikia,
Baba Kabula