Sampuli ya Saa Tano

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya saba ya mafunzo kwa vitendo, na maji ya kiwanda hiki ni safi. Safi mno! Kiwanda kinatia vitambaa rangi tangu asubuhi hadi jioni, na majitaka yake yana oksijeni ya kumtosha samaki kuzaa na kulea.

Leo nimemuuliza dada wa maabara. Kasema hapa sampuli huchotwa saa mbili, mdogo wangu, tangu zamani. Na matangi ya rangi yanafunguliwa kumwaga maji saa ngapi? Saa nne. Akainama kutafuta kizibo ambacho hakikupotea.

Wiki saba! Nimekuwa nikipima maji ambayo hayajakutana na rangi, na kuyaandika kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mwaka wa nne wa uhandisi wa mazingira, mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimechota saa tano, palepale, mdomoni mwa bomba. Zambarau. Asubuhi mita ya oksijeni ilisoma 6.2. Saa tano — 0.9. Nimerudia mara tatu. Dada wa maabara kasema labda mita ina wazimu, tukairekebisha upya pamoja. 0.8. Dada akaanza kuosha chupa zilizokwisha kuoshwa.

Nimeziingiza namba zote kwenye ripoti yangu ya mafunzo, ukurasa wa tisa, pamoja na saa.

Jumatano, 5 Machi

Kola kaniita. Ndiye msimamizi wangu hapa. Tunamwita Kola kwa kuwa hafungui kifungo cha shingo hata jua likiwaka vipi. Binti, umetumwa na nani? Eti ratiba hii ilikuwepo kabla sijajua kusoma. Niung'oe ukurasa wa tisa, naye atasaini fomu yangu ya tathmini. Halafu, kwa sauti ya asali: kuna nafasi ya kazi hapa mwakani, kwa mtu anayejua kuishi na watu.

Fomu inatakiwa chuoni Ijumaa saa nane. Bila saini yake narudia mwaka mzima. Nilikuwa naiota kazi hiyo, sitajidanganya. Lakini kuota si kuuzwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kapiga simu, nikamweleza yote. Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Kaka kadakia kwa nyuma: injinia wa mazingira, mbona mazingira ya kazi yamekushinda! Wakacheka. Nikacheka nami, kisha nikakasirika kwa kucheka.

Mchana nimefuata mfereji hadi nyuma ya ukuta wa kiwanda. Mama mmoja alikuwa anapalilia bustani ya mboga. Ndoo zake kavu. Nikamuuliza mbona hamwagilii. Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. Yeye huchota kabla ya saa nne. Baada ya hapo majani yanaungua.

Kumbe hata mkulima anaijua saa! Mjinga ni karatasi zetu peke yake. Simbusu mtu mkono. Ukurasa haung'oki.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano na robo. Naandika nimesimama, kwenye ukumbi nje ya ofisi ya Kola.

Nimeingia na fomu. Kalamu alikuwa nayo tayari. Ukurasa wa tisa? Upo, nikasema. Huna haja ya kuzipenda namba zangu, bosi, saini kwamba nimefanya kazi wiki saba. Akaiweka kalamu chini, akampigia mhadhiri wangu, akaniambia nitoke.

Mlango haujafunga vizuri na simu iko kwenye spika. Nasikia yote. Kola: msichana ana kichwa kigumu, amechota wakati wa fujo. Mhadhiri kauliza, nyinyi kwa kawaida mnachota saa ngapi?

Saa yoyote, mwalimu. Hatuna ratiba maalumu.

Mwongo! Mwongo wa mchana kweupe! Daftari la maabara lina saa mbili, saa mbili, saa mbili, miaka na miaka.

Dada wa maabara alikuwa anapita na kreti ya chupa. Amesimama. Amesikia kila neno, namwona usoni. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, aliniambia mwenyewe, na ana watoto watatu. Nimemtikisia kichwa: hapana, dada, hili ni langu.

Ameweka kreti chini. Amebisha hodi yeye.