Mama Juliana, Uliyetuombea kwa Majina

Mwaka umetimia, Mama yetu Juliana, tangu asubuhi ile ulipotutoka nyumbani kwa binti yako Aneth, Kibaha. Tulidhani leo tutashinda tunalia. Kumbe tangu tuamke tunasimuliana habari zako na kucheka, hata Baba, ambaye unajua meno yake hayaonekani ovyo.

Kila kulipokucha, kabla hujaonja kitu, ulipiga magoti jikoni ukasali kwa sauti, jicho moja umelifumba, la pili linalinda maziwa yasifurike. Ulianza kwa Kiswahili, ukinogewa unahamia Kisukuma. Hukupenda sala za jumla jumla. "Mungu anatujua kwa majina," ulisema, "mbona mimi nimpelekee lundo?" Basi ulimtaja kila mtu na shida yake.

Hapo Kibaha jirani yetu Zahoro, Mwislamu safi, alisikia kupitia dirishani anaombewa jino. Haukupita muda akabisha hodi.

"Shikamoo, Mama. Jino limetulia. Naomba sasa uhamie kwenye goti."

"Marahaba, mwanangu. La kulia au la kushoto?"

Wala hukuwa unatania.

Lakini tunaloona fahari kulisimulia ni la miaka ile kule kijijini Marui. Tulipofika na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, wenyeji walitutazama kwa mashaka, wakihofia mashamba yao. Wa kwanza kutuletea mihogo alikuwa Bi Biasha, bibi wa Kizaramo aliyeishi peke yake. Mkawa mashoga. Baadaye watu wakaanza kunong'ona kuwa ni mchawi, na wengine walikuwa waumini wenzetu. Ushahidi wao? Uzee, upweke, na macho mekundu.

Ndipo mtoto wa Fabian, mzee wa kanisa letu, akashikwa na degedege. Watu badala ya kuuliza anaumwa nini, wakauliza nani kamroga. Baada ya ibada wakakubaliana waende kwa Bi Biasha "kukemea". Vijana wakachukua na mapanga, eti ya kufyekea njia.

Baba alikusihi. "Mama Ndaki, sisi hapa ni watu wa kuja. Ukisimama na yule bibi, kesho watasema mchawi ni wewe."

Ulifunga kitenge chako kiunoni, ukamjibu taratibu: "Kule kwetu nimemzika bibi aliyeuawa kwa ajili ya macho mekundu. Ulikuwa moshi tu, Baba Ndaki. Maisha yake yote alipikia kuni."

Umati ulipofika ulikukuta umekaa kwenye mkeka wa Bi Biasha, mnamenya mihogo. Mwanao Ndaki alikuwa nyuma yako. Anasema kisu chako hakikusimama.

"Karibuni," ulisema. "Mmekuja kusali?"

"Tumekuja kukemea," Fabian akajibu. "Mama Ndaki, toka hapo."

"Mzee wangu, huyu mama nimemtaja mbele za Mungu asubuhi. Siwezi kumkana mchana. Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani, na mama yake."

"Ana homa?"

"Anawaka moto."

"Sasa panga litamtibu nini? Mtoto anataka hospitali!"

Aliyejibu ni Bi Biasha mwenyewe. "Shabani hapo jirani ana pikipiki. Mwambieni nimemtuma mimi. Mpelekeni mtoto, mimi sikimbii. Mkirudi mtanikuta."

Fabian alitimua mbio. Hospitali wakakuta ni malaria kali, akatibiwa, akapona. Siku waliyoruhusiwa, Fabian alikwenda moja kwa moja kwa Bi Biasha akiwa na mwanawe mgongoni. Alisimama mlangoni, asithubutu kuingia. Bi Biasha akamwonea huruma. "Keti, baba. Mihogo imeiva."

Si wote walioelewa upesi. Kuna waliohama benchi lako kanisani. Wewe ukawa unawasalimia vilevile, na kila asubuhi unawaombea kwa majina, tena kwa sauti zaidi wanapopita barabarani. Mmoja mmoja wakarudi. Tunadhani wengine walirudi ili unyamaze.

Mama, hukutuhubiria sana. Ulitufundisha kwamba mtu akitoka kusali, jirani yake ndiye wa kwanza kujua kama alisali kweli. Siku ya maziko yako tuliwaona majirani hao: kwaya ikiimba, na Shabani na Zahoro wakipokezana jeneza na vijana wa kanisa.

Ibada ya shukrani itafanyika Jumamosi hii nyumbani Marui. Mzee Fabian ndiye atakayeiongoza, na mtoto wake, ambaye sasa anatupita wote kwa urefu, atasoma neno.

Unakumbukwa na mume wako mpendwa, Mzee Mahona, wanao Ndaki, Aneth na Kwandu, wakwe zako, wajukuu zako wote, wakiongozwa na Juliana mdogo, ndugu zako wa Shinyanga, waumini wenzako, na majirani wa Kibaha na Marui. Bi Biasha tulimweka kwenye majirani. Tulipomsomea tangazo hili alitukatiza: "Nitoeni huko. Mimi niandikeni dada yake."

Na dada yako, Bi Biasha.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, siku zote za maisha yetu.