Binti Yangu Hataki Sinema ya Kipindupindu Ionyeshwe Tena

Mshauri mpendwa, nakuja kwako mikono kichwani, nisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika. Mimi ni mjane wa fundi baiskeli, nina binti mmoja tu, mshonaji, anayetarajia kuolewa hivi karibuni, na kinachotugombanisha si mwanamume wala mali, ni sinema, na tafadhali usicheke.

Zamani, binti huyu akiwa mtoto wa mgongoni, kipindupindu kiliingia mtaani kwetu kikatufyeka, watu wakaambiwa wachemshe maji wasisikie, vipaza sauti vikapita wasisikie, mpaka idara ya afya ikaleta watu wa kamera, wakasema sinema tutaicheza sisi wenyewe, maana mtu humwamini anayemjua. Mimi nikachaguliwa kuwa mama mzembe asiyechemsha maji, na mwanamume aliyepangwa kuwa mume wangu, siku ilipofika akaona haya akatoroka, basi mume wangu wa kweli, aliyekuja kututazama tu na mikono yake ya grisi, akasukumwa mbele ya kamera aseme, "Mke wangu, maji haya umeyachemsha?", na kila akifika kwenye "umeyachemsha" anacheka, nami nacheka, na mwenye kamera ameshika kiuno, mpaka jua likaanza kutuaga. Mtoto wetu ndiye aliyekuwa mgonjwa, akalazwa kitandani akasinzia kweli, nikafundishwa kulia, nikalia, akafunikwa shuka.

Ah, mshauri, ungekuwepo ilipoonyeshwa! Gari la sinema lilikuja na jenereta linaguruma, picha ikapigwa kwenye ukuta mweupe wa shule, watu wakaja na mikeka na vigoda, hata wazee waliokuwa hawatoki wakatoka, na nilipolia pale ukutani mtaa mzima ukalia nami, halafu kesho yake nimekwenda sokoni na mtoto mgongoni, muuza nyanya akaangusha mizani, "Jamani, si alikufa huyu!" Tangu hapo binti yangu akaitwa Marehemu. Lakini maji yalichemshwa, ukipita jioni ulisikia vifuniko vya masufuria vikigongagonga nyumba kwa nyumba, na ugonjwa ukatuondokea.

Mume wangu alifariki baadaye, kwa homa nyingine kabisa, mtoto akiwa hajajua hata kutamka "baba" vizuri, akaniachia picha moja ya kitambulisho, nayo imefifia mpaka haina macho.

Sasa kipindupindu kimerudi. Nyumba za bondeni zina wagonjwa, na tumeshazika jirani. Bwana afya, kijana mpole, ameniletea ile sinema, ilikutwa ghalani kwenye mkebe, wameihamishia kwenye flashi, akaniambia, "Mama, video za watu wa mbali hawazitazami. Wakijiona wenyewe watatulia. Ila ninyi wawili msiporidhia, siionyeshi."

Nikamwambia binti. Akawaka.

"Marehemu darasani, Marehemu sokoni! Nimehama mtaa ili niitwe jina langu. Mchumba wangu halijui. Leo wakwe wakae pale wanione nikifunikwa shuka?"

Nikasema, "Lakini baba yako yumo, mwanangu."

"Baba simkumbuki, mama. Jina ndilo ninalolikumbuka."

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, flashi iko kabatini chini ya nguo, sijaitazama, na bwana afya amepita tena akiuliza. Nikikubali nampoteza mwanangu, nikikataa halafu nikasikia kilio bondeni, nitalala vipi?

Mama wa Ukutani

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Ukutani, pole sana. Kipindupindu hakingoji gazeti, ndiyo maana barua yako ilipofika nilikupigia simu. Niliyokwambia nayaandika hapa, kuna wengine wenye kidonda kama chako.

Nikukaripie kwanza. Unasema binti ndiye hataki. Na wewe je? Flashi umeifukia chini ya nguo. Unaogopa kumwona marehemu mumeo akicheka, ukajificha nyuma ya harusi ya mwanao. Kuogopa si kosa. Kumtwisha yeye hofu yako, hilo ni kosa.

Binti ana haki ya kukasirika. Mtaa ulipona kwa kifo chake cha uongo, kisha ukamlipa kwa kumzomea. Kuna aliyewahi kumwambia ahsante? Katika barua yako sikuona popote kwamba wewe ulimwambia. Mfuate kwake uanzie hapo, ya baba yatafuata.

Mchumba aambiwe upesi, tena na binti mwenyewe, si na majirani. Utani hauvunji ndoa. Kufichana ndiko kunakoitia ufa. Kama sinema itamkimbiza, akimbie mapema.

Kisha itazameni ninyi wawili, mlango umefungwa, na uamuzi uwe wake. Akikataa, nyamaza, ushuke bondeni ukawaambie watu kwa mdomo wako. Sura yako bado wanaijua. Akikubali, bwana afya asiwashe sinema akaenda zake. Muuguzi awepo, agawe dawa ya kutibu maji, aonyeshe jinsi ya kuchanganya ile pakiti ya chumvi na sukari, na aseme wazi kwamba anayeharisha akimbizwe kituoni, asisubiri kesho. Sinema yenu ni ya zamani, haya haina.

Hayo uliyafuata, ukanipigia Jumapili, unalia huku unacheka. Mliitazama kwenye simu ya binti, vichwa vimegusana. Kwenye picha baba yake akanyanyua kikombe cha maji. Binti akaisimamisha.

"Mama, kumbe alitumia mkono wa kushoto kama mimi?"

Nawe ulikuwa umesahau kabisa.

Mchumba naye alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza itaonyeshwa lini, awalete wazazi wake.

Binti aliridhia, ikaonyeshwa juzi palepale shuleni, nami nilikuja, nikasimama nyuma. Binti yako alichukua kipaza sauti bila kutumwa na mtu. "Mtoto mtakayemwona ni mimi," alisema. "Kufa kwangu kulikuwa kwa mchezo. Kule bondeni si mchezo. Tazameni, na mkiinuka mpitie kwa muuguzi pale langoni, mtu asirudi nyumbani bila dawa ya maji."

Halafu akaja akaketi mkekani kando yako, akainua uso kumtazama baba yake, mrefu kama ukuta wa shule.